Fundi wa Ugweno na Mashine ya Nje

Ugweno, kwenye milima ya Upare, hakuna anayehangaika na kiyoyozi. Ukipanda kutoka Mwanga mjini hadi Shighatini au Kifula unakuta migomba, kahawa na ukungu wa asubuhi, na mwezi wa Julai watu wanajifunika blanketi mbili. Katika milima hiyohiyo kuna msitu wa Kindoroko, wenye kilele cha mita 2,113. Kijana wa kule anayeamua kusomea majokofu na viyoyozi katika chuo cha ufundi cha VETA anajua mapema kwamba riziki yake iko bondeni. Fundi ninayemwandika hapa ni Mgweno, na kazi zake nyingi anazipata Same, mji ulioko kama mita 860 kutoka usawa wa bahari, upande wa milima unaonyimwa mvua, ambako mwezi wa Februari chumba chenye bati bila dari hakilaliki.

Siku hiyo aliitwa na mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, aliyenunua AC ya BTU 12,000 kwa ajili ya chumba chake. Mashine ya ndani ilikuwa imeshatundikwa, nyeupe, inapendeza. Sisi wanunuzi huwa tunaitazama hiyo tu, tunasifia rimoti na vitaa vyake, halafu boksi la nje tunalichukulia kama mzigo wa kuwekwa popote penye nafasi. Kumbe boksi hilo ndilo lenye kompresa na feni kubwa, na ndilo linalotupa nje joto lote lililokusanywa chumbani. Likikosa pumzi, ya ndani haina la kufanya.

Ndiyo maana fundi hakugusa zana yoyote kwa muda mrefu. Alizunguka nyumba. Ukuta wa magharibi aliukataa bila kufikiri mara mbili, maana jua la alasiri lingelipiga boksi saa zilezile ambazo mama angekuwa anataka ubaridi. Ukuta wa mashariki ulimfaa zaidi, ila aliinama akachota vumbi, akaliachia taratibu kati ya vidole na kuangalia linakoelekea. Upepo ulikuwa unatoka kusini-mashariki, unakuja moja kwa moja. Feni inayopuliza kuelekea upepo mkali inahangaika bure. Akasogea hatua chache hadi pale ukuta wa stoo unapojitokeza na kuukinga upepo, akaachia vumbi tena. Safari hii likadondoka karibu na miguu yake.

“Hapa, mama,” akasema. “Ila ule mti wa ua itabidi tuupunguze matawi mbele.”

“Punguza mwanangu, ila usiuue.”

Nyuma ya boksi aliacha nafasi ya kupitisha mkono mzima, na mbele akataka pawe wazi kabisa. Nimeona nyumba nyingi ambako boksi limejengewa kizimba cha nondo na bati juu yake ili lisiibwe, na hewa ya moto inayotoka inagonga bati na kurudi kuvutwa tena. Mwenye nyumba analalamika AC haipoozi, anaongeza gesi, na gesi haina kosa.

Kabla ya kutoboa, aligonga ukuta kwa kishikio cha bisibisi, kidogo kidogo, akisikiliza. Pale plasta ilipoachana na tofali sauti ilikuwa tupu, akapaepuka. Alipoipata sehemu iliyojibu kwa sauti nzito, aliweka breketi ya kwanza, akaibandika pima maji, akachora kwa penseli. Breketi ya pili aliipima kutokana na ya kwanza, si kutokana na msingi wa nyumba, kwa sababu msingi, alivyosema, huwa una maoni yake. Kwenye keekee alifunga kipande cha tepu nyeusi kuonyesha kina cha tundu, akatoboa hadi tepu ikagusa ukuta, basi. Kisha akachukua kipande cha mpira wa maji, akakiingiza ndani ya tundu na kupuliza. Vumbi jekundu likamrudia usoni. Msaidizi wake, kijana wa mwaka wa kwanza kazini, alicheka, naye akacheka. Lakini boliti inayotanuka ndani ya vumbi haishiki tofali, na matundu yote yalipulizwa.

Breketi zilipokaa, alining’inia hapo. Alishika kwa mikono miwili, akainua miguu, akabembea kidogo. Boksi lenyewe lina uzito wa kilo thelathini hivi, yeye ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndipo wakalipandisha, wakaliketisha juu ya vipande vinne vya raba vinavyomeza mtetemo, na nati zikakazwa kwa mpangilio wa kukingamana.

Sasa shaba. Mabomba ni mawili: jembamba la robo inchi linalopeleka gesi ndani ikiwa kimiminika, na nene la tatu ya nane linaloirudisha ikiwa mvuke. Hakuyakata kwa msumeno. Msumeno unaacha unga wa shaba, na unga huo ukifika kwenye kompresa unaanza kuitafuna. Ana kikatio kidogo chenye gurudumu kali. Anakizungusha mara moja, anakaza skrubu kidogo sana, anazungusha tena, anakaza tena. Ukikaza kwa pupa, bomba linabonyea na duara linapotea. Lilipokatika, aliligeuza mdomo chini ndipo akakwangua ukingo wa ndani, ili machicha yadondoke ardhini yasiingie bombani.

Akavisha nati kwanza. Hatua hii ni ndogo na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ukitanua mdomo wa bomba kabla ya kuvisha nati, huna ujanja ila kukata na kuanza upya. Kisha akalibana bomba kwenye kibanio, akaacha shaba ichomoze kidogo tu, akapaka tone la oili kwenye koni na kuanza kuiteremsha kwa kuzungusha mpini. Shaba ilifunguka taratibu kama ua la boga. Alipoitoa aliipeleka kwenye mwanga, akaizungusha polepole usoni pake. Upande mmoja palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, ambao mimi niliuona baada ya kuonyeshwa na kidole. Hakusema neno. Akakata kipande kile, akakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, akaanza tena kwenye gurudumu.

Wagweno wana historia ndefu na metali. Karne nyingi kabla ya barabara ya lami, walikuwa wakikusanya mchanga wenye chuma na kuuyeyusha kwenye tanuri za mkaa, na chuma chao kilivuka hadi Uchagani kikawa majembe na mikuki. Ukoo wa wahunzi, Washana, ndio waliotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuchukua nafasi yao. Profesa Isaria Kimambo ameieleza habari hiyo katika kitabu chake cha historia ya Wapare cha mwaka 1969. Fundi huyu si Mshana, na mimi siamini kwamba ufundi unapitia kwenye damu. Nilichokiona ni mtu aliyeitazama shaba kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona watu wakitazama chuma.

Mdomo wa pili ulitoka safi, unang’aa pande zote. Aliukutanisha na mdomo wa vali, akaanza nati kwa vidole tu, bila spana, hadi ikakaa yenyewe. Baada ya hapo alitumia spana mbili, moja ikishika na nyingine ikizungusha, ili bomba lisijikunje. Ile inayozungusha ni spana yenye kipimo, na kwa bomba la robo inchi hukaza kati ya niutoni mita 14 na 18. Ukilegeza, gesi inavuja. Ukizidisha, unaipasua shaba uliyoihangaikia.

Akajaza naitrojeni kavu kwenye mabomba, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akasubiri. Hakuna kiputo kilichotokea. Naitrojeni akaiachia.

Sehemu iliyofuata ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, nayo haina cha kutazama. Aliunganisha pampu ya vakyumu na geji, akaiwasha, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Pampu ilinguruma. Mama akatoka nje.

“Mwanangu, mbona inanguruma na baridi haijafika?”

“Bado mama. Hii inatoa upepo kwenye mabomba.”

Inatoa upepo, na inatoa maji. Hewa iliyobaki bombani ina unyevu, na unyevu ukichanganyika na oili ya kompresa huzaa asidi. Pampu ikishusha mgandamizo vya kutosha, maji huchemka kwa joto la kawaida tu, yakawa mvuke na kunyonywa. Mshale wa geji ulishuka upesi mwanzoni, kisha ukagota karibu na baa 0.9 chini ya sifuri. Kijana akauliza mbona haufiki moja kama kitabu kinavyosema. Fundi akamweleza kwamba geji hii inalinganisha na hewa iliyoko nje, na hewa ya Same ni nyepesi kuliko ya Tanga. Kwao Ugweno mshale ungegota mapema zaidi. Kwa hiyo hakuutegemea. Alichomeka kipimo cha kidijitali kinachosoma mikroni, akangoja namba ishuke chini ya 500. Ilipofika alifunga vali, akazima pampu, na akaendelea kukaa. Namba ikipanda na kuendelea kupanda, kuna tundu. Ikipanda kidogo ikatulia, mambo ni salama. Ilitulia. Akasubiri tena.

Wakati wa kusubiri alifunga nyaya: laini, nyutro, athi, na waya wa mawasiliano kati ya boksi mbili, kila mmoja kwenye namba yake. Waya akaushusha chini kidogo kabla ya kuingia kwenye boksi, ili maji ya mvua yadondokee kwenye mkunjo, si kwenye vituo vya umeme. Breka aliiweka ya peke yake, pamoja na kilinda umeme, maana jioni umeme hupungua nguvu na kompresa haipendi kuanza na umeme dhaifu.

Mwisho akachukua ufunguo wa pembe sita, akafungua vali ya kimiminika robo mzunguko. Ulisikika mluzi mfupi, na mshale wa geji ukapanda. Akafungua zote hadi mwisho, akarudisha vifuniko na kuvikaza. Gesi yenyewe ni R32, ambayo huchangia joto la dunia mara 675 zaidi ya hewa ya ukaa yenye uzito uleule. R22 ya zamani, inayoondolewa sokoni katika nchi kama yetu ifikapo 2030, huchangia mara 1,810. Hiyo mara 675 bado si ndogo, na R32 inaweza kushika moto. Ndiyo maana ile njia ya mkato ya kuachia gesi kidogo ifukuze upepo, badala ya kutumia pampu, ni hasara, ni hatari, na unyevu unabaki palepale.

Feni ilianza kuzunguka bila kutikisa ukuta. Alipima ampea, akalinganisha na kibandiko cha mashine, akaingia chumbani na kipimajoto: hewa inayoingia nyuzi 31, inayotoka 19. Mama akaleta chai.

Ukimwita fundi kwako, kabla hujamuuliza bei muulize kama ana pampu ya vakyumu. Akikuambia atatoa upepo kwa gesi yenyewe, mshukuru, mpe nauli, umwache aende.