Utalii wa Shambani: Mbona Jembe Halionekani?

Ukitazama video za utalii wa shambani kutoka Kitale, zote ni kama moja: mahindi ya kijani, ng'ombe wa maziwa ametulia, mgeni kachuchumaa na ndoo akijifanya anajua kukamua. Picha kali, sikatai. Kinachokosekana ni mwenye shamba. Yuko nyuma ya mgeni, nusu uso, anatabasamu.

Pia kinachokosekana ni kalenda. Trans Nzoia hupanda mahindi Machi na Aprili mvua ikianza, na kuvuna kuanzia Oktoba hivi. Likizo ya Aprili, watu wa Nairobi wakiwa na nafasi, mkulima anahangaika na mbegu, mbolea na vibarua. Desemba wakija wanakuta mabua. Sasa afanye nini, aache kupanda ili akupokee? Akianza kupanga shamba kwa ajili ya kamera, hilo si shamba tena.

Makumbusho ya Kitale yanaonyesha shida hii vizuri kuliko video yoyote. Yalianzia kwa mlowezi Hugh Stoneham mwaka wa 1926, mtu wa kukusanya wadudu na vipepeo. Leo kuna nyumba za kitamaduni uani, na msitu wa asili wa kutembelea. Msitu naupenda sana. Zile nyumba, hapana: ni boma lisilo na mama anayekukaripia kwa kukanyaga mboga zake.

Linganisha na Manor House, kituo cha kilimo kilicho karibu na mji huo huo, ambacho kimefundisha kilimo hai tangu miaka ya 1980. Anayekwenda pale anakwenda kujifunza kuchimba tuta na kutengeneza mboji. Anachafuka. Mgeni wa aina hii ndiye mkulima anaweza kumudu, kwa sababu kazi inaendelea akiwepo.

Bungoma mambo ni magumu zaidi. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wanatahiri vijana wao, na boma linajaa wageni. Kuku wanachinjwa, busaa inapikwa, na hakuna anayekatiwa tiketi. Siku hizi watu wenye kamera nao wanaingia humo. Mimi nasema sherehe hiyo isiwekwe kwenye ratiba ya watalii, hata kama ingeleta pesa. Mwambieni mgeni apande Chetambe, aone maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, kisha ale mrenda na ugali wa wimbi kwa mama fulani, na amlipe huyo mama mkononi. Si dereva, si ajenti wa Nairobi.

Maana hapo ndipo matangazo haya yananyamaza. Yanataja bei ya mgeni kulala, hayataji anayeamka saa kumi na moja kumchemshia maji ya kuoga analipwa ngapi. Nami ningependa kuiona video moja iliyopigwa Mei, wakati wa palizi, maikrofoni akiwa nayo yeye.