Mapigo 76 kwa Kila Mstari

Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipanda kutoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 walikuwa na kipande kimoja cha njia ambacho hakikutaka mzaha na saa. Kilikuwa Mgunda Mkali, nchi ya vichaka vikavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako safari ya kutoka maji hadi maji haikumalizika kwa mwendo wa asubuhi moja. Hapo msafara ulifanya tirikeza: watu walipika, wakanywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likishapita utosini, wakalala porini pasipo maji na kuyafikia kesho yake. Burton na Speke walipita humo kabla ya kuingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu waiache pwani. Kilichohitajika njiani kilipaswa kuwa tayari kabla ya hatua ya kwanza.

Miaka 120 baadaye, mbali sana na Unyanyembe, watunzi wa gemu za Marekani waliwekwa katika sharti la namna hiyo. Mwaka 1977 ilitoka mashine ya Atari 2600, yenye kumbukumbu ya baiti 128 basi. Kwa uhaba huo, hapakuwa na mahali pa kuchora picha nzima na kuitunza kabla ya kuionyesha. Chipu yake ya picha, TIA, ambayo Jay Miner alikuwa miongoni mwa walioibuni, ilijua mstari mmoja tu kwa wakati. Ndani ya runinga ya chogo, mwali wa elektroni ulipita kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, mistari 262 kwa kila picha, picha zipatazo 60 kwa sekunde. Prosesa ilipata mapigo 76 ya saa kwa mstari mmoja. Yakiisha, mwali umeshahamia mstari unaofuata, programu iwe imemaliza kazi yake au haijamaliza.

Kwa hiyo mtunzi aliifanya hesabu yake nzito pale mwali ulipokuwa ukirudi juu. Mistari 37 isiyoonekana, yaani mapigo 2,812, ilikuwa ndiyo nafasi ya kuamua mchezaji yuko wapi, adui yuko wapi, nani amegongana na nani. Kisha ilianza mistari 192 ya kioo chenyewe, na humo kilichobaki ni kupakua mizigo iliyokwishafungwa: rangi hii, umbo hili, mstari unaofuata.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika jambo linalodhaniwa kuwa jepesi, nalo ni kuiweka spraiti, ile picha ndogo inayotembea, mahali fulani kati ya kushoto na kulia. Mtu angetegemea kuandika namba: nafasi ya 93, mathalani. TIA haikuwa na mahali pa kupokea namba hiyo. Ilikuwa na anwani iitwayo RESP0, na programu ilipoigusa, spraiti iliwekwa pale mwali ulipokuwa umefika dakika hiyo. Mahali palikuwa ni wakati. Aliyetaka kuipeleka kulia alipaswa kungoja.

Na alingoja kwa hesabu. Katika pigo moja la prosesa mwali huvuka nukta 3. Amri ya kutoa 15 kutoka kwenye nafasi inayotakiwa huchukua mapigo 2, na ile ya kurudi nyuma kutoa tena huchukua 3. Jumla mapigo 5, na mara 3 ni nukta 15 kamili. Maana yake, prosesa inapogawanya kwa 15 kwa kutoa na kutoa tena, mwali nao unakuwa umesogea 15 kwa kila duru. Hesabu inamalizika mwali ukiwa umefika karibu na panapohitajika, na masalio ya mgawanyo yanakabidhiwa amri nyingine, HMOVE, inayoisogeza spraiti kwa nukta chache kushoto au kulia. Ni vigumu kupata katika fani yote ya kompyuta amri mbili zilizobeba uzuri mwingi kiasi hiki: kugawanya na kusubiri vimekuwa kitendo kimoja.

Lakini zina mtego. Zikiangukia kwenye mpaka wa kurasa za kumbukumbu, kila ukurasa ukiwa na baiti 256, ule mruko wa kurudi nyuma unadai mapigo 4 badala ya 3. Mahesabu ni yale yale, mantiki haina kasoro, ila spraiti inakwenda kombo. Mtunzi aliyebobea alijua kila amri yake imelala anwani gani.

Kwa mikono ya namna hiyo David Crane alitengeneza Pitfall! na Carol Shaw akatengeneza River Raid, zote za mwaka 1982, kila moja ndani ya kaseti ya kilobaiti 4.

Afrika Mashariki iliionja kazi hii kwa njia nyingine. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mapema miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilipata kituo cha ITV mwaka 1994. Mashine za gemu zilizojaa madukani katika miaka hiyo ya 1990 zilikuwa hasa nakala za bei nafuu za Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Kwa kijana wa Tabora aliyeipata, runinga haikuhitaji hata kunasa kituo. Waya na kaseti vilitosha.

Hapo pana kisa ambacho kinastahili kusimuliwa zaidi ya kinavyosimuliwa. Gemu hizo zilipimwa kwa runinga za Japani na Marekani, picha 60 kwa sekunde. Runinga za Tanzania zilifuata PAL: picha 50, mistari 312. Na gemu za Famicom nazo zilitegemea mapigo. Katika Super Mario Bros. ya 1985, ukanda wa alama ulio juu unatulia wakati dunia iliyo chini yake inasogea, kwa sababu programu inangoja mwali ufike kwenye spraiti ya sarafu iliyo katika ukanda huo ndipo ibadilishe msogeo. Nintendo ilipotengeneza mashine yake ya PAL, ilibadili uwiano wa prosesa na picha kutoka nukta 3 kwa pigo hadi 3.2, na gemu zilizohesabiwa kwa ukaribu zikahitaji kurekebishwa.

Kampuni ya UMC ya Taiwan ilipita njia nyingine katika chipu zake za PAL zilizotumika kwenye nakala nyingi. Uwiano wa 3 ukabaki palepale. Mistari 50 ya ziada ikawekwa chini ya picha kama muda mtupu, kabla ya prosesa kupewa ishara kwamba picha imekwisha, hivyo programu ikaendelea kukuta mistari yake 20 ya maandalizi kama ilivyozoea. Kaseti za Kijapani zikachezeka bila kuguswa. Gharama yake ni mwendo: Mario alikimbia kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake ya Tokyo, na muziki ukavutika pamoja naye. Hao ni wahandisi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye boksi lolote, nao walielewa hesabu za wenzao kiasi cha kuziacha zilivyo.

Kazi hii bado inaweza kujifunzwa, na ingefaa ifundishwe. DASM, programu inayogeuza amri hizi kuwa baiti, hutolewa bure. Vivyo hivyo Stella, inayoiga Atari ndani ya kompyuta ya kawaida na kuonyesha mwali umesimama wapi kwa kila amri. Mwanafunzi wa kompyuta wa Tabora hahitaji kingine zaidi ya laptopu iliyochoka. Kwa kuanzia inatosha apewe jukumu la kuweka nukta moja nafasi ya 80, kisha aipeleke ya 81 bila picha kutikisika.