99 kwenye picha, 31 nje

Kuna makala moja yenye marafiki wa informatiki wananitumia kila mara, na neno ni lile lile: «Ona, kompyuta inajua magonjwa ya mimea kwa 99%! Ninyi wa agronomi mutafanya kazi gani?» Basi nikaisoma mpaka mwisho.

Ilitoka mu 2016, mu jarida Frontiers in Plant Science. Wa kwanza kuiandika ni Sharada Mohanty, wakati ule mwanafunzi wa daktora ku EPFL, Uswisi, pamoja na David Hughes na Marcel Salathé. Walichukua picha 54.306 za majani, mimea 14, magonjwa 26, wakafundisha kompyuta kuyatambua. Ikapata 99,35%.

Kazi yao siizarau. Picha zilikuwa wazi kwa wote, na vijana wengi wa daktora walianzia pale.

Lakini mtu wa agronomi anauliza: picha zilipigwa wapi? Karibu zote ni jani moja, limechumwa, limelazwa peke yake juu ya kitu cha rangi moja. Shamba gani iko vile? Kwetu jani liko na matope na kivuli, maharage inapandwa katikati, na magonjwa mawili yanaweza kukutana ku jani moja. Tena angalieni ile mimea 14: tofaa iko, zabibu iko, nyanya, mahindi, viazi. Muhogo hakuna. Ndizi hakuna. Maharage hakuna.

Na waandishi wenyewe walisema ukweli: walipojaribu picha zilizotoka mahali pengine, kompyuta ilishuka mpaka 31% hivi. Kwa aina 38 za kuchagua, kubahatisha kungeleta chini ya 3%, kwa hiyo 31 si bure. Kwangu mimi njo namba ya maana zaidi mu makala yote. Lakini hakuna mutu ananitumia hiyo.

Wengine walisogea karibu na mukulima. Uganda, wakulima walipiga picha za mihogo mu mashamba yao, kisha wataalamu wa kilimo pamoja na watu wa Makerere wakaandika ugonjwa wa kila picha. Mu 2020, zaidi ya 21.000 zilitolewa kwa mashindano ku Kaggle. Hapo sawa.

Hata hivyo jani halisemi yote. Nilipokuwa namaliza licence, mama mukubwa aliniita nione mihogo yake. Nikaangalia majani, nikasema: «Mama, iko mizima.» Akawagawia majirani miti ya kupanda. Siku ya kungoa, tulikata mihogo: ndani madoa ya kahawia, imekauka, hailiki. Ule ugonjwa unaweza kujificha chini na majani yakabaki mazuri. Nilikosea sawa na ile kompyuta, na miti ilikuwa imeshapandwa kwa watu. Mpaka leo naona haya kupita kule.

Njo maana naomba. Ninyi wenye munafanya daktora ya akili bandia, mukituonyesha 99, mutuambie kwanza mulijaribia wapi. Na sisi wa agronomi tuache kungojea programu imalizike ndipo tuicheke. Twende nao mu shamba siku ya kwanza, na jembe, siyo simu tu.

Nani hapa ameisha kufanya kazi pamoja na mutu wa informatiki? Atuambie ilikwendaje.