'Ruhusa ya printa' ni ruhusa ya kufanya nini?

JUMA lililopita nilikuwa katika ofisi moja nikisubiri barua. Ukutani, juu ya printa, palikuwa na tangazo: 'Printa hii imegawanywa. Kila mtu ana ruhusa ya printa.' Kabla ya barua yangu kutoka, ilitoweka kwenye foleni. Kijana mmoja mwenye haraka alikuwa ameifuta ili yake itangulie. Karani alipomkemea, alijibu: "Lakini madam, si kila mtu ana ruhusa?"

Kusema kweli, sikumlaumu sana. Tangazo lenyewe lina makosa mawili.

Kwanza, kitenzi 'gawanya' hubeba dhana ya kukifanya kitu kizima kuwa sehemu kadhaa. Mkate hugawanywa, shamba la urithi hugawanywa. Printa ile haikukatwa vipande. Wafanyakazi wanaitumia kwa pamoja, baadhi wakiwa kwenye kompyuta za Windows, wengine za Linux. Ingetosha kusema 'printa inayotumiwa na wote'.

Kosa la pili ndilo lililoniponza. Nomino 'ruhusa' hudai kitendo: ruhusa ya kutoka, ruhusa ya kuingia. Mwanafunzi akiomba 'ruhusa ya lango', mwalimu atamuuliza, "Ya kulifanyia nini?" A-unganifu katika 'ruhusa ya printa' inaficha kitendo hicho.

Ajabu ni kwamba mitambo haina utata huo. Katika Windows, ruhusa za msingi za printa ni tatu: kuchapisha, kusimamia nyaraka zilizo kwenye foleni, na kusimamia printa yenyewe. Katika Linux, mfumo wa CUPS kwa kawaida humwachia mtumiaji afute kazi yake, si ya jirani.

Nilimuuliza fundi wa kompyuta kwa nini kila mtu alipewa zote tatu. "Mwalimu, niliambiwa tu niwape ruhusa ya printa," akasema. Kumbe utata ulianzia kwenye agizo, ukaingia kwenye mtambo, kisha ukabandikwa ukutani!

Ningeliandika tangazo hilo hivi: 'Printa hii inatumiwa na wote. Kila mtu ana ruhusa ya kuchapisha na kufuta kazi yake mwenyewe. Kazi za wengine zitasimamiwa na karani.' Kisha fundi abadilishe mipangilio iafikiane na maneno hayo.

Barua yangu ilichapishwa upya saa nane. Ofisi nilikokuwa naipeleka ilikuwa imefungwa.