Ufundi wa Kurudi

Luena ni mji wa makaa ya mawe na reli mkoani Haut-Lomami, Kongo. Ukipanda treni ya shirika la reli, SNCC, kutoka Lubumbashi kwenda Kamina, unaufikia baada ya Lubudi na kabla ya Bukama, pale mto Lualaba unapoanza kubeba vyombo. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu hapo watu wa ukanda huu wamewazoea wageni. Anakuja mpima madini, anachimba mashimo yake ya majaribio, anaondoka. Anakuja mfanyabiashara, ananunua mahindi na samaki mkavu, anaondoka. Anakuja mgombea wakati wa kampeni, anaahidi maji na umeme, naye vilevile. Mtu wa Luena hamlaumu mgeni kwa kuondoka. Ila ahadi ya mgeni haitegemewi.

Katika mji wa namna hiyo kijana wa miaka 19 au 20, shati jeupe, tai shingoni, kibao cheusi cha jina kifuani, anasimama mlangoni pa lupango, yaani ua wa nyumba, pamoja na mwenzake na kusema, “Mama, tutarudia Alhamisi saa tisa.” Mama anaitikia kwa adabu, kama anavyowaitikia wote. Alhamisi saa tisa mvua imekatika muda si mrefu, njia ni tope tupu, na wale wawili wako mlangoni, suruali zimekunjwa, viatu vimekuwa vizito. Mama anatoka kuwatazama. Hapo ndipo kazi yao inapoanza, na hapo ndipo nilipoanza mimi kuwaheshimu.

Vijana hawa ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni. Mimi si muumini wa kanisa hilo na siandiki kulinadi. Naandika kwa sababu kazi yao ni ufundi, nao hujifunzwa kwa mwili, kwa kutembea, kukosea na kurudia, kama ufundi mwingine wowote.

Masharti yake ni magumu kuliko mtu anavyodhani anapowaona barabarani. Mvulana hutumikia miezi 24, msichana miezi 18. Tangu mwaka 2012 mvulana anaruhusiwa kuondoka nyumbani akiwa na miaka 18. Hachagui mahali: anapeleka maombi, anasubiri, kisha barua inamwambia anakwenda wapi. Halipwi mshahara. Masomo ya chuo yanasimama, uchumba unasimama, mpira wa Jumamosi unasimama.

Kwa Kongo habari hii bado ni changa. Kwa zaidi ya karne moja, hadi Juni 1978, kanisa hilo halikumpa mwanamume mweusi ukuhani, kwa hiyo kijana wa Luena asingeweza kuvaa kile kibao hata angetaka. Ni doa zito, na sioni faida ya kulifunika. Zaire ililitambua kanisa hilo mwaka 1986, mwaka uleule ambao wazee wawili, Bay Hutchings na mkewe Jean, walifika Kinshasa kuanza kazi. Misheni ya Lubumbashi ikaundwa mwaka 2010, na hekalu la Kinshasa likawekwa wakfu Aprili 2019. Leo wengi wa vijana wanaobisha hodi katika miji ya Katanga ya zamani ni Wakongo wenyewe au Waafrika wa nchi nyingine. Anayekuja na kitabu mkononi ni mtoto wa nyumba kama yako. Anajua bukari, yaani ugali, huliwaje, na anajua mzee husalimiwaje.

Kwa kawaida siku yao huanza saa 12:30 asubuhi. Kuna sala, kuna kusoma kila mtu peke yake, kisha kusoma wawili pamoja, kisha kupanga siku: nani tumwone, tulimwachia swali gani, nani alikuwa mgonjwa, nani alisema turudi baada ya mavuno. Usiku, saa 4:30, taa zimezimwa. Kati ya saa hizo mbili hawaachani. Kanuni yao ni kwamba mmisionari hatembei peke yake, na mwenzako humchagui wewe. Unaweza kupangiwa mtu anayekoroma, anayenuna, anayeimba akipika, na mkalala chumba kimoja kwa wiki sita au zaidi. Wengi wao husema kwamba sehemu ngumu zaidi ya misheni ni huyo mwenzako, kuliko jua, kuliko milango iliyofungwa. Na wale wanaoweza kuishi vizuri na mwenzao utawatambua mara moja wakianza kufundisha: mmoja akisitasita, mwingine anaingia bila kumkata, mmoja akisema sana, mwingine anakohoa kidogo, naye anaelewa.

Nataka kukaa kidogo kwenye lile shati jeupe, kwa maana linadharauliwa. Fikiria mji wenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na moshi wa makaa kila jioni. Shati hilo linafuliwa kwa mkono kwenye beseni. Kola inasuguliwa sabuni ya mche, inaachwa ilowe, inasuguliwa tena kwa kidole gumba, mshono hadi mshono, maana jasho la shingoni hushika vumbi na kuweka mstari wa kahawia usiotoka kwa haraka. Umeme ukiwa haupo, pasi ni ya makaa, na mtu asiyeijua huipitisha moja kwa moja juu ya shati, cheche ya majivu ikadondoka, doa likabaki. Anayeijua huipeleka nje kwanza, huipuliza ikiwa mbali na nguo, huipangusa chini kwa jani la mgomba, kisha hujaribu joto kwenye kitambaa kikuukuu. Kijana aliyefuliwa nguo na dada zake maisha yake yote hujifunza haya ndani ya mwezi mmoja. Kwa mama wa Luena, ambaye naye hufua kwa mkono, kola safi ni barua ya utambulisho. Anajua imegharimu nini.

Kisha ni hodi. Watu hudhani kazi ya mmisionari ni kusema. Nimekaa pembeni wakifundisha chini ya mwembe, na niliyojifunza ni kinyume chake. Mkubwa wao katika kazi, ambaye kwa umri hakuwa amezidi miaka 21, alimsalimu bibi mwenye nyumba kwa kuinama na kushika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto. Akauliza habari za wajukuu kwa majina. Akakubali kigoda kifupi, akamwachia mzee jirani kiti. Somo lilikuwa juu ya sala. Bibi alisikiliza, akichambua maharagwe kwenye ungo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alisali sana mwaka ule mtoto wake alipokufa. Yule mdogo akafungua kitabu upesi, aya ilikuwa tayari kwenye kidole. Mkubwa akaweka kiganja juu ya kitabu, akakifunga taratibu. Hakuna aliyesema neno. Bibi alichambua maharagwe muda mrefu, kisha akaanza kusimulia mwenyewe: mtoto alikuwa nani, alipenda nini, aliugua wapi. Somo la siku hiyo halikwisha. Walipoaga, bibi ndiye aliyeuliza, “Mutarudia siku gani, batoto yangu?”

Kile kiganja juu ya kitabu hakikutokea kwa bahati. Kilitokana na milango mingi iliyofungwa usoni kwa sababu ya aya zilizotolewa mapema mno.

Kukataa nako kunahitaji mkono wenye adabu. Kanisa lao linawakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Sasa uko ugenini, mzee amekumiminia lutuku, pombe kali ya kienyeji, kama heshima kwa wageni, au mama amechemsha chai kwa sukari aliyoikopa. Kusema “dini yangu hainiruhusu” na kunyamaza ni kumwaibisha mtu nyumbani kwake. Aliyekomaa hushukuru kwa mikono miwili, husema mwenyewe kwamba ameweka nadhiri, kisha huomba maji, na kama ni saa ya chakula huketi na kula bukari na sombe kwa moyo wote. Mwenyeji anahitaji kuona mgeni amepokea kitu kutoka mkononi mwake. Kijana akilielewa hilo, mlango haufungwi.

Lugha ni kilima kingine. Mzaliwa wa Kinshasa amekulia Lingala na Kifaransa. Luena anakuta Kiswahili cha Katanga, na nyuma yake Kiluba, lugha ambayo wazee hurudi kwayo wanapofikia jambo la ndani. Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili sanifu, ambacho sokoni Luena kinasikika kama hotuba ya redio. Kwa hiyo mwalimu wake halisi ni mtoto anayemcheka, na mama muuza mboga anayemrudishia neno hadi alitamke sawa. Kijana anayekubali kuchekwa hujifunza upesi. Anayejificha nyuma ya Kifaransa hubaki kuwafundisha walimu na makarani peke yao.

Ardhi hii ya Waluba imewahi kuona mafundi wakubwa wa kazi hiyo ya umisionari, ingawa wa makanisa mengine. William Burton, Mwingereza aliyesomea uhandisi, alifika Mwanza mwaka 1915 na mwenzake James Salter. Si Mwanza ya ziwani Tanzania, ni Mwanza ya hapa Haut-Lomami. Burton alikaa hadi mwaka 1960, akikusanya methali za Waluba, akichora watu na vitu vyao, akipeleka vinyago na vyombo kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake, La philosophie bantoue, kilitoka Elisabethville mwaka 1945 na kinabishaniwa hadi leo, na wabishi wana hoja nzito. Lakini Tempels alieleza jambo moja ambalo kila kijana mwenye kibao kifuani angepaswa kulisikia: kwamba alianza kama padri wa kuamuru, mwenye majibu tayari, na kazi yake ikageuka siku alipoanza kuwauliza watu wenyewe wanatamani nini maishani. Kutokana na mazungumzo ya namna hiyo na wafanyakazi wa migodi na wake zao, harakati ya Kikatoliki iitwayo Jamaa ilizaliwa huko Kolwezi mwaka 1953.

Burton alikuwa na miaka 45 ya kujifunza. Kijana wetu ana miezi 24, na Luena huenda akapewa mitano au sita tu, kwa maana kila baada ya wiki sita viongozi hupanga upya nani akae wapi na nani. Anaweza kuhamishwa wiki ambayo bibi wa maharagwe ameanza kusimulia habari za mumewe.

Hili lilinisumbua hadi nilipoona wanavyolitatua. Kila jioni huandika: tumemwona nani, tumesoma nini, ana swali gani, mtoto wake anaitwa nani, mbwa wake ni mkali, tumeahidi siku gani. Zamani yalikuwa madaftari, siku hizi ni simu. Anayekuja baada yao huyasoma kabla ya kutoka nje, naye Alhamisi saa tisa anafika na kusema, “Mama, wenzetu walituambia tuje leo.” Ahadi ya mtu mmoja imetimizwa na mwingine ambaye hata hawajuani. Ukitaka kujua kama mmisionari ni fundi, usihesabu aliowabatiza. Soma alichowaachia wanaomfuata.

Kuna kazi za mikono pia, ambazo huwapatia heshima upesi kuliko masomo: kufyatua matofali na familia inayojenga, kulima shamba la mjane, kusukuma kinga, yaani baiskeli, yenye magunia ya makaa kwenye mwinuko. Na kuna siku moja katika juma, siku ya maandalizi, ya kufua, kwenda sokoni, kunyoana nywele na kupiga simu nyumbani. Hadi mwanzoni mwa 2019 sauti ya mama ilisikika mara mbili tu kwa mwaka. Tangu Februari ya mwaka huo wanaruhusiwa kila juma. Ulikuwa uamuzi mwema. Kijana aliyesikia nyumbani wako salama husikiliza vizuri zaidi kwenye nyumba za watu.

Sisemi wote ni hodari. Wapo wanaokariri kama kasuku, na wapo wanaokimbilia hesabu ya ubatizo, wakimsukuma mtu majini kabla hajaelewa anaahidi nini. Haraka hiyo huharibu kazi, na majirani huiona kabla ya viongozi. Lakini aliye hodari anajulikana mtaa mzima, na wazee wa dini nyingine kabisa humwita kwa jina lake na kumpisha kivulini.

Basi wakikubishia hodi, nawe huna nia ya kubadili dini, waambie hivyo wazi tangu mwanzo, hawatakasirika, wamezoea. Ila wape maji ya kunywa, wasahihishe Kiswahili chao, na kama umewaambia warudi Alhamisi, uwepo nyumbani Alhamisi.