Masega Nje, Sensa Ndani: Hesabu ya Moshi katika Spec Miata

Katika mbio za magari sare, madereva wote hupewa gari la aina moja ili kipaji kiamue, si mfuko. Kanuni za SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1944, hulinda ahadi hiyo kwa sharti lisilo na huruma: marekebisho yasiyotajwa kwa maandishi hayaruhusiwi. Hata hivyo, katika Spec Miata, mojawapo ya madaraja yake yenye magari mengi zaidi, magari hukimbia bila masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kilichofungwa na kiwanda kwenye ekzosi. Inakuwaje daraja linalobana kila kitu lilegeze hapo?

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 Miata, lililozinduliwa mwaka 1989 likiwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 116. Toleo la mwaka 1994 lilikuja na injini ya lita 1.8 na nguvu farasi 128. Kwa kuwa matoleo haya hushindana pamoja, waandishi wa kanuni huyasawazisha kwa uzito, na injini kubwa hubanwa pumzi kwa kisahani chenye tundu kwenye njia ya hewa. Manifoldi ya ekzosi lazima iwe ya kiwanda, na kompyuta ya injini vilevile. Ukitaka kujua kwa nini masega yameachiwa, chukua kila kifaa cha moshi ukiulize maswali mawili: kinaongeza au kupunguza nguvu kiasi gani, na mkaguzi anaweza kukithibitisha kwa njia gani?

Tuanze na masega. Yametengenezwa kwa kauri yenye vitundu vidogo vingi, iliyopakwa madini ya thamani kama platini, paladi na rodi. Hufanya kazi vizuri zaidi mchanganyiko ukiwa karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Sasa dereva wa mbio anakanyaga mafuta hadi mwisho. Kompyuta inaacha kufuata taarifa za sensa ya oksijeni na kuongeza petroli, ili injini itoe nguvu na isichemke kupita kiasi. Moshi unabaki na oksijeni kidogo mno, kwa hiyo masega hayawezi kuchoma kaboni monoksidi wala mabaki ya petroli inavyotakiwa. Yaani pale gari linapotumika zaidi kwa mbio, kifaa hiki hufanya kazi yake kwa udhaifu zaidi, huku kikiendelea kuizuia pumzi ya injini.

Hatari ya pili ni silinda kukosa moto. Petroli isiyoungua huingia kwenye masega na kuwakia humo. Kauri huyeyuka na kuziba njia. Gari hupoteza nguvu kidogo kidogo, na dereva huanza kulaumu plagi au mafuta. Katika daraja sare, kasoro hiyo iliyojificha inavunja usawa kama udanganyifu unavyouvunja.

Lakini hoja nzito zaidi ni ya ukaguzi. Fikiria kanuni ingesema masega lazima yabaki. Mwenye pesa angenunua mapya kila msimu, yale yanayopitisha moshi kwa urahisi. Mwenye hila angetoboa kauri yote na kuacha ganda tupu, na kwa nje lingefanana na zima. Mkaguzi angelazimika kufungua ekzosi ya kila gari, halafu abishane na mwenye gari aliyetoboa masega kwa makusudi, au yule ambaye yake yalimeguka yenyewe. Ruhusa ya kuweka bomba tupu inamaliza ubishi wote huo, kwa gharama ambayo karibu kila mtu anaimudu.

Valvu ya kurudisha moshi kwenye injini, iliyopo katika baadhi ya matoleo, ni hadithi tofauti. Hupoza mwako ili kupunguza oksidi za nitrojeni, lakini hujifunga mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Kuiondoa hakuleti nguvu ya maana. Kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi nalo faida yake ni uzito tu, na hata faida hiyo haifiki kwenye saa: uzito wa chini hupimwa dereva akiwa ndani ya gari, kwa hiyo kilo ulizotoa hurudishwa kwa vyuma vya kujazia. Vifaa hivi viwili havina nguvu za kugombaniwa.

Sensa ya oksijeni na kompyuta ndizo mpaka wenyewe. Sensa ya mbele huiambia kompyuta hali ya mchanganyiko gari linapokwenda taratibu. Ukichezea mawimbi yake unachezea petroli. Kompyuta ikibadilishwa, mtu anaweza kuongeza nguvu bila fundi yeyote kuona nati iliyofunguliwa. Sensa ya pili, inayokaa baada ya masega katika magari ya mwaka 1996 na kuendelea, kazi yake ni kuyachunguza masega tu. Yakitolewa, taa ya cheki injini huwaka, na kasi haibadiliki.

Kwamba ukaguzi ndio roho ya daraja hili kulionekana katika fainali za taifa za SCCA za mwaka 2014 huko Laguna Seca, California. Injini zilipofunguliwa, madereva kadhaa wa mbele wa Spec Miata waliondolewa kwenye matokeo kwa kazi iliyofanywa ndani ya njia za hewa za silinda hedi. Ugomvi ulihusu chuma kidogo kilichopunguzwa mahali pasipoonekana bila kufungua injini, na baadaye kanuni ya eneo hilo ikaandikwa upya. Bomba tupu chini ya gari halijawahi kuhitaji kesi ya namna hiyo.

Kanuni ya chama, hata hivyo, haifuti sheria ya nchi. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 inakataza kuondoa vifaa vya moshi kwenye gari lililoidhinishwa kwa barabara, na marekebisho ya mwaka 1990 yalipeleka katazo hilo kwa mtu yeyote. Spec Racer Ford, gari la SCCA lililozaliwa kwa ajili ya uwanja tu, halina tatizo hilo. Miata ilizaliwa barabarani. Mwaka 2015 shirika la mazingira la EPA lilipendekeza maneno ya kusema wazi kwamba gari kama hilo libaki lilivyoidhinishwa hata likitumika kwa mashindano pekee. Wafanyabiashara wa vipuri waliyagundua mapema mwaka 2016 na kupiga kelele. Mwezi Aprili shirika likayaondoa. Muswada wa kulinda mbio uliwasilishwa Bungeni mwaka huohuo, ukarudishwa tena katika miaka iliyofuata bila kupita.

Kiufundi, basi, uamuzi wa Spec Miata ni sahihi: umeachia kisichokagulika kwa urahisi na umeshika kinachobeba nguvu. Pengo lake ni gari kurudi barabarani likiwa na bomba tupu, mahali ambapo mwendo ni wa taratibu, mchanganyiko uko sawa na masega yangefanya kazi yake kikamilifu. Kila gari la SCCA lina daftari lake la ukaguzi. Siku masega yanapotolewa, iandikwe humo, na mwenye gari atie saini kwamba hatalisajili tena kwa barabara mpaka yarudishwe.