Sauti ya darini: ujanja uliomponza mjanja

Ukisikia helikopta ya filamu ikipita juu ya kichwa chako sebuleni, jua kuna mafundi walioumiza vichwa kuipenyeza kwenye diski. Mifumo mitatu ilishindania kazi hiyo, na kwangu mimi ulioshindwa ndio ulikuwa na ufundi mtamu kuliko yote.

Ni Auro-3D, wa Wilfried Van Baelen kutoka Mol, Ubelgiji. Sauti isiyobanwa ya Blu-ray huweza kuandikwa kwa biti 24 kila sampuli. Zile za chini kabisa hubeba minong'ono isiyosikika sebuleni penye feni na friji. Auro ikazigeuza maficho: sauti za spika za juu zilichanganywa na za chini, kisha maelekezo ya kuzitenganisha yakafichwa humo. Risiva ya zamani husoma 5.1 ya kawaida (spika tano na moja ya besi) bila kushtuka. Yenye Auro hufumbua fumbo na kuzirudisha sauti juu.

Dolby Atmos, iliyoingia sinema mwaka 2012 na filamu ya Brave, ilifikiri vingine. Mlio wa risasi hupewa anwani yake chumbani, na risiva hukokotoa spika ya kuutoa. Kwenye kumbi za sinema njia za sauti hufika 128. Nyumbani sauti zilizo jirani hufungwa mafungu machache. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi simo: sebule yenye spika 7 chini na 4 darini ingezipeleka wapi hizo 128?

DTS:X ilifuata mwaka 2015, nayo hutumia anwani, ila haishurutishi sana mpangilio wa spika.

Kilichoamua mshindi ni intaneti. Sauti ya 5.1 isiyobanwa, biti 24, hula karibu biti milioni 7 kwa sekunde. Netflix, iliyoanza kutoa Atmos mwaka 2017 na filamu ya Okja, huitoa kwa biti 768,000 au pungufu. Ubanaji wa namna hiyo hutupa kwanza kile lisichokisikia sikio, yaani palepale Auro ilipoficha fumbo lake.

Kama bado hujatoboa ukuta wala dari kuweka spika, kumbuka kwamba Auro hutaka spika za juu ukutani, wima juu ya zile za chini, wakati Atmos huzitaka darini. Toboa dari. DTS:X itazitumia hizohizo.